Bastola ya Steringi

"Ulikuwa wapi?" Hilo ndilo lilikuwa swali, na kila mwanamume aliyefanya kazi ya filamu kwenye vilima vile vya Kalifornia alikuwa na jibu lake. Vita vilikuwa vimeisha miaka kumi na moja nyuma, lakini mchana, sahani zikishagawiwa, seremala alikwenda kuketi na dereva kwa sababu moja tu, kwamba wote wawili walikuwa Ufilipino. Waliokuwa jeshi la majini walikaa na wenzao na kucheka mambo yao wenyewe. Asiyekuwa na jibu alikula peke yake kwenye ngazi za lori, na akipita watu walinong'ona, "Nne-F." Hilo ndilo daraja walilopewa waliokataliwa na madaktari wa jeshi. Mwanamume kuitwa hivyo, afadhali umwite mwizi, mwizi angalau ana jambo alilofanya.

Orville Pettibone, mtunza silaha, alikuwa na jibu. "Italia," alisema siku yake ya kwanza kazini, kisha akainamia bunduki aliyokuwa akiipaka mafuta, na hakuna aliyemchimba zaidi. Waliokwenda kweli hawapendi kusimulia, kila mtu alilijua hilo, basi ukimya wa Orville ukamjengea jina ambalo mdomo wake usingeweza kulijenga. Wakaanza kumwita Sajenti. Hakuwahi kusema kwamba alikuwa sajenti, ila kila walipomwita aliitika.

Hakufika hata bandarini. Ngoma ya sikio lake la kulia ilitoboka utotoni, na mwezi wa Machi mwaka 1942 daktari mmoja alilimulika kwa taa ndogo, akagonga muhuri, akasema, "Anayefuata." Vita vyote Orville alivimalizia kiwandani, akikagua bunduki walizokwenda kuzibeba wengine. Alizijua silaha kuliko wengi waliozibeba, lakini ujuzi wa kiwandani nani aliutaka? Alipokwenda kumposa Lorene, mama wa binti huyo, mwanamke aliyepoteza vijana wawili ng'ambo, alimkazia macho mezani na kumuuliza lile swali. Orville akamjibu Italia. Tangu siku hiyo alikuwa akilala na mke aliyeolewa na askari.

Kazini alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha hata siku ya mvua. Kabla silaha yoyote haijaelekezwa kwa mtu, alimwita huyo atakayeelekezewa, akaifungua mbele ya macho yake, akamwambia, "Chungulia." Mtu huyo alitakiwa kuchungulia, kuingiza kidole mahali pa risasi, na kusema kwa sauti, "Tupu." Hapo ndipo Orville alipotia risasi baridi, zile za baruti na karatasi, zinazopiga kelele tu. Waongozaji walitazama saa zao na kusonya, lakini walingoja. "Mwacheni Sajenti," walisema, "ameyaona mambo huko." Kwa hiyo usalama wa watu wote pale ulisimama juu ya uongo mmoja, na miaka minane ulisimama vizuri tu.

Ndipo akaja Brock Lathrop.

Hakuna aliyekuwa hamjui. Alikuwa steringi wa picha za vita, kifua kipana, na mwendo wake wa kutupa miguu kama anayevuka tope uliigwa na wavulana mitaa yote. Majarida yaliandika kwamba mwendo ule ni wa jeraha, kwamba alipigana Italia tangu ufukweni hadi milimani na nyama ya paja lake ilibaki huko. Yaliandika pia juu ya bastola yake, ile nene ya jeshi, aliyosema ilimrudisha nyumbani mzima. Alipigwa picha nayo kitandani. "Haikosi risasi hata nikilala," aliwaambia waandishi. "Ni tabia ya vita, haitoki."

Orville alipoyasoma hayo mara ya kwanza alicheka peke yake chooni mpaka Lorene akagonga mlango. Siku ile ya Machi waliitwa kwa mpangilio wa majina, wamebaki na chupi, wanatetemeka kwenye sakafu ya saruji. Pettibone, Orville. Nyuma yake, Pfister, Harold, jamaa mrefu mwenye kifua kizuri. Daktari alimwambia Pfister asimame juu ya karatasi na miguu yenye maji, akatazama alama, akatikisa kichwa. Nyayo bapa. Unyayo wote umelala chini. Wakatoka mlango mmoja wakiwa na muhuri mmoja, wakavaa suruali bila kutazamana. Huo ndio mwendo wa Brock Lathrop ulioigwa na wavulana wa Marekani nzima.

Kwa miaka mingi siri ile ilimfariji kidogo. Aliona hayuko peke yake.

Jumatano ya juma la mwisho la kazi, Brock alikuja mwenyewe kwenye lori la silaha. Alifunga mlango nyuma yake, akaketi juu ya sanduku, akavua kofia ya chuma.

"Sajenti, mambo?"

"Salama, Bwana Lathrop."

"Ijumaa tunapiga ile ya mwisho. Namfumania Mjerumani kwenye zizi, namlaza. Anakuja yule dada wa jarida na kamera yake, wanatoa ukurasa mzima, steringi na silaha zao za vitani. Nitatumia ya kwangu."

"Hiyo haipendi risasi baridi, bosi. Inakwama. Ninayo ya Kihispania hapa, pacha wake, hata mama yako hawezi kuzitofautisha."

"Mama yangu hanunui jarida. Nataka risasi moja tu, ikikwama baada ya hapo ikwame."

"Sawa. Basi niletee asubuhi niifungue. Niikague, Quintana, huyo Mjerumani wako, aichungulie, halafu—"

"Hapana." Brock alitabasamu lile tabasamu la kwenye mabango. "Bastola yangu haishikwi na mtu. Wasomaji wanalijua hilo. Nikikupa uichokonoe mbele ya yule dada, itasomekaje?"

"Bwana Lathrop, mimi sifanyi kazi hivyo."

"Wewe ulikuwa wapi, Sajenti?"

Orville aliendelea kufuta mtutu uliokwisha kuwa safi.

"Italia, siyo?" Brock aliinuka. Aliongea polepole, kwa upole kabisa, kama anayemwambia mtoto alale. "Pettibone. Jina hili si la kusahau. P, E. Mimi P, F. Unafikiri ni nani aliyemwambia mwongozaji Brandvold, mchukue Pettibone, yule ndiye mtunza silaha ninayemtaka? Nilikuwa na uhakika na wewe. Mtu mwenye kitu chake cha kuficha hanipi shida. Na yule dada ataandika utumishi wa vitani wa kila mtu hapa, hata wako. Atakuja kuuliza namba yako ya jeshi. Nitamwambia asikusumbue, vita vimekuumiza. Tumeelewana, kaka?"

Akavaa kofia yake ya chuma, akashuka, na Orville akamsikia akipiga mluzi njia nzima hadi kwenye hema lake.

Alhamisi mchana Orville alikwenda kwa Tobias Quintana, ambaye ndiye angekuwa Mjerumani. Quintana alikuwa mtu wa New Mexico, mfupi, mkavu, na riziki yake ilikuwa kuanguka: kutoka juu ya farasi, juu ya paa, juu ya treni, ili steringi wabaki na sura nzuri. Huyu alikwenda Italia kweli. Hakulisema hilo, ila alipovua shati kuogea kwenye pipa, mgongo wake ulisema.

"Toby, kesho usikubali kuelekezewa bastola hujaichungulia."

"Si wewe ndiye unayenichungulisha kila siku?"

"Kesho ni ya Brock mwenyewe. Hataki niishike."

Quintana alijimwagia maji kichwani, akacheka. "Aa, basi. Yule mwenzetu. Sajenti, wewe unajua. Pale juu milimani ungemwambia mtu wa kikosi chako, nifungulie bunduki yako nione kama una akili? Angekuzaba kofi."

"Pale tulikuwa..." Orville alisema, na neno likamkwama. Pale hakuwapo. Hakujua pale watu walikuwa wakifanya nini.

"Pale tulikuwa nini?"

"Hapana. Basi tu."

Angeweza kuyamaliza siku ile, pembeni ya pipa, wakiwa wawili tu. Alilijua hilo wakati uleule akiondoka. Lakini alimfikiria Lorene, na picha za wale kaka wawili ukutani, na namna mke wake alivyokuwa akimkatia nyama kubwa zaidi kila tarehe ya kuwakumbuka wapiganaji. Aliona aibu, na aibu ikamfunga mdomo. Alijiambia, kesho nitaangalia kwa karibu. Kukiwa na jambo nitaliona.

Ijumaa jua lilichomoza kali. Zizi lilikuwa la mbao mpya zilizopakwa masizi zionekane kuukuu, na mbele yake Brandvold, mwongozaji, alikuwa akipiga kelele na saa mkononi. Dada wa jarida alifika na suruali ya kiume na kamera mbili shingoni. Alikuwa mcheshi, aliwauliza watu utumishi wao na kuandika haraka, na alipomfikia Orville, Brock alimshika kiwiko kwa adabu na kumgeuzia upande mwingine.

"Huyu mwache, dada. Huyu alibeba mengi."

"Samahani, Sajenti," yule dada alisema, na Orville akahisi uso unamwaka.

Kisha dada akataka jambo. Alitaka picha moja yenye wote wawili, mdomo wa bastola na kifua cha Mjerumani, hatua sita. Desturi ilikuwa kulenga pembeni, kando ya bega, kamera ya filamu hailioni hilo. Kamera yake yeye, alisema, ingeliona.

"Lenga kifua basi," Brandvold alisema. "Ni baridi. Twendeni, jua linapanda."

Brock alichomoa bastola kiunoni. Orville alikuwa amesimama hatua tatu tu, akimtazama mikono. Brock alibonya kitufe, magazini ikateleza, akaitupa juu ya meza ya silaha bila kuitazama. Akachukua magazini nyingine, yenye risasi baridi alizoandaliwa na Orville, akaisukuma ndani mpaka ikalia. Basi. Hakuivuta ile sehemu ya juu kurudi nyuma. Hakuchungulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi, kwani kwa mawazo yake, ukishatoa magazini umetoa risasi.

Orville aliiokota ile magazini. Shaba ya risasi za moto ilikuwa ikimetameta kwenye matundu ya ubavuni mwake. Akazisukuma moja moja kwa kidole gumba, zikadondoka mezani. Sita. Akaitikisa magazini, akaingiza kidole. Ile hubeba saba. Mtu anayelala na bastola tayari, risasi moja huwa imekwishapanda chemba, mwanzoni mwa mtutu, na kutoa magazini hakuitoi. Kiwandani walimwambia hilo siku ya kwanza, na kila kuruta jeshini hulijua kabla hajajua jina la kamanda wake. Pfister, Harold, hakuwahi kuwa kuruta.

Aliiweka magazini mezani.

"Subirini," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Subirini! Brandvold, simamisha. Kuna risasi ya moto ndani."

Watu wakageuka wote. Brock akatazama zile shaba juu ya meza, kisha akamtazama Orville, na macho yake hayakuwa ya hasira. Yalikuwa yakimsihi.

"Sajenti, acha mambo yako," alisema akicheka. "Naweka sita tangu vitani, springi isichoke. Muulize yeyote aliyekuwa kule."

"Kweli hiyo," Quintana alisema kutoka mlangoni mwa zizi, ndani ya koti lake la Kijerumani. "Wengi tulifanya hivyo."

"Ivute nyuma tu," Orville alisema. "Mara moja. Nikikosea nifukuze kazi."

"Nimeshaifungua mwenyewe asubuhi."

"Hukuifungua, Harold. Hujui hata inafunguliwaje!"

Jina lile lilinyamazisha hata farasi. Dada wa jarida aliacha kuandika. Orville alijua kwamba sasa hakuna kurudi, na akayasema yote kwa pumzi moja, vibaya, bila mpangilio. Machi 1942. Sakafu ya saruji. Pettibone na Pfister. Karatasi na miguu yenye maji. Sikio lake, nyayo za mwenzake. "Hakwenda popote! Wala mimi sikwenda. Sote wawili ni Nne-F. Hajawahi kufundishwa bastola, Toby, anajua ya kwenye picha tu. Chungulia, nakuomba, chungulia!"

Quintana alikuja polepole, akasimama mbele ya Orville, na bastola wala hakuitazama.

"Hukwenda?"

"Sikwenda."

"Miaka minane?"

"Toby, bastola—"

"Miaka minane unaniita, Toby chungulia, Toby tia kidole, kama mtoto. Na mimi natii. Nasema, huyu anajua, huyu ameona watu wakifa." Akamshika Orville kola. "Kaka yangu amezikwa kule. Nilikusimulia wewe. Mke wangu sijamsimulia, nilikusimulia wewe!"

"Najua. Nichukie. Ila ichungulie."

"Dada, andika vizuri," Brock alisema nyuma yao. Alikuwa ameshapata sauti yake ya kwenye filamu. "Andika kwamba wapo watu, wakishindwa kuwa kitu, wanataka kuwavuta wengine shimoni."

"Mtu aliyedanganya miaka minane," Brandvold alisema, "leo ndiyo aseme kweli?"

Hapo Orville aliona alichokifanya. Yale maneno mawili, subiri na chungulia, yalikuwa yakitiiwa kwa sababu ya Italia, na Italia ameitupa yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Angesema tu kama Sajenti, bila kumgusa Brock wala Machi, labda wangemsikiliza. Sasa alikuwa mtu wa Nne-F anayelia mbele ya wanaume.

Hakuwa na kingine, akairukia bastola. Alikigusa kitako. Seremala na dereva, wale wa Ufilipino, walimdaka kwapani kabla hajakishika vizuri, na hawakumdaka kwa upole.

"Mtoeni," Brandvold alisema. "Mpelekeni barabarani. Vitu vyake atatumiwa."

Brock aliifuta bastola kwa shati lake pale ilipoguswa. Kidole chake kiligusa ile sehemu ya juu, Orville alikiona, na kwa nukta moja akadhani ataivuta nyuma. Brock hakuwa muuaji. Aliamini mle ndani mna baruti na karatasi. Lakini kuivuta nyuma mbele ya macho ya watu arobaini kungekuwa kukiri kwamba yeye ni Harold Pfister, naye Harold alikwishazikwa zamani kwenye ile sakafu ya saruji.

Wakamburuta kupita meza ya chakula, kupita malori, mpaka pale njia ya vumbi inapokutana na lami. "Nne-F," dereva alisema, akatema mate, na wakarudi mbio wasikose picha.

Orville alibaki amesimama na kofia imepotea. Kutoka pale zizi lilionekana dogo. Aliona koti la Kijerumani mlangoni, na kifua kipana kikisimama hatua sita. Alipiga kelele "Toby!" mpaka koo likauma. Koti lile halikugeuka. Akaanza kurudi, kwanza kwa kutembea, kwa kuwa bado kichwani mwake kulikuwa na mtu aliyesema huenda kweli ni sita, huenda ni ili springi isichoke, wengi walifanya hivyo.

Akasikia mlio. Risasi baridi hupasuka kama mbao, papo hapo imeisha. Huu ulienda mbali, ukagonga kilima cha pili, ukarudi.

Mlangoni mwa zizi Quintana alikunjika, akakaa, kisha akalala ubavu taratibu, mkono mmoja chini. Katika maisha yake yote ya kuanguka hakuwahi kuanguka vizuri namna ile. Kwa desturi ya watu wa filamu, mtu akianguka vizuri hupewa haki yake. Brandvold alianza, kisha wote, makofi na miluzi na "Safi, Toby!", na dada wa jarida alikuwa amepiga goti anapiga picha baada ya picha. Brock Lathrop aliinua bastola juu kuwashukuru.

Watu arobaini walikuwa wakipiga makofi kwenye kilima kile, na mmoja tu alikuwa anakimbia.